Mshale Uliokataa Kupanda

4 Machi

Kwako Fundi, mume wa binti yangu,

Lori nimelipokea, na kikaratasi ulichobandika kwenye usukani nimekisoma. Nianze na mazuri, usije ukasema mama mkwe wako hana shukrani. Gia za mkono ulizonifungia zinaingia. Hata ya nyuma inaingia, ambayo lile giaboksi la otomatiki lilikuwa limeisahau kabisa, nikawa kila nikitaka kugeuza nalipeleka lori hadi uwanja wa mpira na kuzunguka nalo golini. Klachi ni nzito kidogo, lakini mguu wangu bado ni wa kazi. Nilijifunza kuendesha kwenye gia za mkono kabla wewe hujaota meno, kwa hiyo hapo usihangaike.

Sasa mabaya. Ile saa ya mizunguko ya injini, iliyo kushoto kwa saa ya mwendo, imekufa. Injini ikiwaka mshale umelala kwenye sifuri, ikizimwa umelala vilevile. Kabla hujalifungua lori langu, mshale huo ulikuwa ukipanda na kushuka vizuri kabisa. Sijui umeufanya nini na sitaki kujua. Nataka unyanyuke.

Usinipigie simu kunieleza. Simu nimempa Redio, utingo wangu, kwa sababu yeye ndiye mwenye maneno ya kuijaza. Wewe andika, umpe dereva wa gari la magazeti. Anapita hapa kila asubuhi na ananitupia barua mlangoni.

Msalimie mke wako. Mwambie asikuonee huruma mpaka mshale upone.

Mimi mama mkwe wako


7 Machi

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Sisi huku hatujambo, mama mkwe mdogo (ndivyo ninavyomwita binti yako akianza kunituma kama wewe) anakusalimia sana. Nimefurahi kwamba gia ya nyuma imekupendeza.

Kuhusu mshale, Mama, usiupe nafasi moyoni. Gari la gia za mkono halina haja nao. Saa ile wanaiweka kiwandani ili dashibodi isionekane tupu, kama maua ya plastiki sebuleni. Dereva wa kweli, na wewe ni dereva wa kweli kuliko wote ninaowafahamu, anabadilisha gia kwa sikio. Injini ikianza kupiga kelele, panda. Ikianza kunguruma kwa uchovu, shuka. Mtu mwenye masikio yake mawili ameshakamilika, hana cha kuongezewa.

Kwa hiyo tumia masikio, Mama, na lori litakupeleka utakako.

Mkweo mtiifu,
Fundi


11 Machi

Fundi,

Masikio yangu hayakuhusu.

Nimekuomba mshale, umenipa mawaidha. Nikipeleka sketi iliyochanika kwa fundi cherehani, haniambii nijifunze kutembea nimebana miguu. Anashona.

Kwa sasa mshale wangu ni Redio. Anakaa pembeni yangu ameweka kidole juu ya dashibodi. Akikiinua, napanda gia. Akikilaza, nashuka. Ni mtu mzima mwenye wajukuu, na siku hizi kazi yake ni kuwa mshale. Juzi tulikuwa tumepakia matofali tunapanda kilima cha hospitali, akamwona mtani wake kando ya barabara, akainua kidole kumsalimia. Mimi nikaingiza gia ya nne. Lori likatetemeka, likazima, likaanza kurudi nyuma, na nyuma yetu kulikuwa na mtu na mkokoteni wa mayai. Nikakanyaga breki mpaka goti likalia. Mayai yamepona. Mwenye mayai, nasikia, bado amelala.

Watu wananiuliza ninamvumiliaje Redio, mtu anayeongea tangu tunapakia hadi tunashusha. Nawajibu kwamba hanisumbui hata kidogo.

Nyanyua mshale.

Mama mkwe wako


13 Machi

KUH: MAMA NA LORI

Shemeji,

Salamu. Nakuandikia nikiwa ofisini, kwa hiyo samahani kwa mtindo. Ukarani ukikaa sana kwenye vidole hautoki.

Kutokana na tukio la kilima cha hospitali, ambalo bila shaka umearifiwa, mimi kama mtoto wa kwanza wa Mama naona wakati umefika wa yeye kuachana na usukani. Nimemwandalia chumba kwangu na kiti kizuri barazani. Tatizo ni kumfikishia uamuzi huo. Mara ya mwisho nilipogusia kiti, alinituma dukani kununua kibiriti, niliporudi nikakuta ameshaondoka na lori.

Nakuomba basi uniandikie, kwa mkono wako na kwa lugha ya kifundi, kwamba lori limechoka na halifai tena barabarani. Si lazima iwe kweli sana. Ninachotaka ni sababu ya chuma, isiyomgusa yeye mwenyewe. Tafadhali usiniulize zaidi ya hapo.

Wako katika ukoo,
Shemeji yako, Karani


15 Machi

Shemeji,

Shikamoo, na pole na kazi.

Umeniomba kitu kigumu. Lori halijachoka. Giaboksi nimelifunga kwa mikono yangu hii, na nikiandika kwamba halifai nitakuwa nimejiandika mimi mwenyewe kuwa sifai. Mama akiisoma hiyo barua, nitabaki fundi wa baiskeli.

Halafu hicho kiti. Mimi nimemwona Mama kwenye viti. Anakaa ukingoni, mkoba mapajani, kama mtu aliye hospitalini anasubiri kuitwa. Juu ya lori anakaa vizuri. Kama ana kosa niambie ni lipi, nikiweza kulirekebisha nitalirekebisha. Mshale ndio ninaouhangaikia sasa.

Shemeji yako,
Fundi


18 Machi

Mama, shikamoo.

Nimesalimu amri. Ile siku nilipokuandikia habari za maua ya plastiki, ukweli ni kwamba sikujua kwa nini mshale umekufa, na fundi akikosa jibu anageuka mhubiri.

Sasa nimejua. Giaboksi lako la zamani lilikuwa na kiboksi chake cha umeme chini ya dashibodi, ndicho kilichokuwa kinaamua lini gia ibadilike. Nikakitoa, maana gia za mkono zinaamuliwa na mkono. Kumbe waya unaoupelekea mshale habari za injini ulikuwa unapitia humo humo. Nilipoking'oa kiboksi, habari zikaishia njiani. Kiboksi chenyewe kipo hapa nyumbani. Binti yako anaegeshea pasi.

Jumamosi nilikuja hapo kwako, nikaambiwa umekwenda msibani na majirani. Lori lilikuwepo, ufunguo Redio alikuwa nao, na maneno pia. Nikavuta waya mpya kutoka kwenye alteneta, ile inayochaji betri, kwa kuwa nayo inazungushwa na injini, nikaupeleka moja kwa moja hadi kwenye saa. Nikawasha. Mama, mshale ukanyanyuka! Nilitamani ungekuwepo. Basi la kurudi lilikuwa linapiga honi, kwa hiyo sikukaa kuupima, lakini uko hai.

Kanuni ni nyepesi. Usiangalie kidole cha mtu tena. Mshale ukifika mbili na nusu, yaani mizunguko elfu mbili na mia tano kwa dakika, panda gia. Kabla haujafika hapo, usipande, utalinyonga lori.

Mkweo,
Fundi


22 Machi

Kwako Fundi, mkwe wangu,

Leo nakuita mkwe. Mshale unacheza, na Redio amerudishiwa kidole chake.

Jana nimekwenda nao hadi kiwanda cha matofali na kurudi, na nina la kukueleza. Lori limekuwa zito. Nilitoka nyumbani na gia ya kwanza nikiusubiri mshale ufike mbili na nusu kama ulivyoniagiza. Ukapanda hadi moja na nusu, ukapanda hadi mbili, ukapita mbili kidogo, ukasimama hapo. Nikakanyaga mafuta hadi chini. Ukakataa. Nikasema basi, mimi nikiagizwa nashika. Nikabaki na gia ya kwanza nikiusubiri, tukapita sokoni, tukapita shule, tukapita hospitali, tukafika kiwandani bado tunasubiri. Baiskeli zilitupita. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alitupita.

Lakini watu, mkwe wangu! Sijawahi kupokewa vile. Walitoka madukani kuja kunipungia. Mafundi viatu walisimama. Watoto wa shule walijaa kwenye uzio, mwalimu wao akiwa mbele. Askari wa barabarani aliinua mikono yote miwili, nami nikampungia kwa mkono mmoja, maana mwingine ulikuwa kwenye usukani. Nadhani habari zimeenea kwamba nina lori la gia za mkono.

Redio tu ndiye hakufurahi. Njia nzima ameziba masikio kwa viganja, akifumbua mdomo na kuufumba. Tulipofika akashuka akaenda kukaa chini ya tangi la maji. Nadhani kichwa kilikuwa kinamuuma, nimempa vidonge.

Hebu niambie, huo uzito unatoka wapi? Na moshi je? Kulikuwa na moshi kidogo.

Mama mkwe wako, mwenye furaha


24 Machi

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa chini ya gari la mtu. Nikatoka, nikakaa juu ya tairi, nikaisoma tena. Kwanza nakuomba, kwa heshima zote, lori lisitoke uani mpaka nije.

Lori si zito. Kosa ni langu, na ni kosa la kijinga. Saa yako ilizoea kuhesabu habari kutoka kwenye kiboksi. Nilipoipa za alteneta, ikawa inahesabu nusu. Mshale ukisema mbili, injini iko nne. Injini yako haiwezi kuvuka hapo sana, kwa hiyo mbili na nusu haikuwepo kabisa. Nilikuagiza usubiri kitu kisichokuja, nawe kwa utii wako ukakisubiri njia nzima.

Wale watu hawakuwa wanakupungia, Mama. Walikuwa wanakusimamisha.

Sasa sijui niandikeje yanayofuata, nimekwisha kuharibu karatasi kadhaa. Injini ya dizeli ikiwa nne kwenye gia ya kwanza inalia mpaka madirisha yanatikisika. Kipofu angejua. Mtoto mchanga angejua. Redio alikuwa anapiga kelele, Mama, hakuwa anafumbua mdomo tu. Na wewe ulikuwa pale pale juu ya injini, ukaona moshi, ukaona baiskeli, ukawaona watoto kwenye uzio, umenieleza kila ulichokiona. Hukunieleza sauti hata moja.

Husikii. Ndiyo maana unautaka mshale. Mimi nikakuandikia habari za mtu mwenye masikio mawili. Nimeona haya mpaka sasa natoka jasho.

Karani ameniandikia tena. Habari za safari ile zilifika ofisini kwake kabla hujafika kiwandani. Ananiuliza kwa maandishi kama lori lina kasoro au dereva. Kumdanganya siwezi, maana watu wanavuka barabara mbele ya lori lile, na mwenye mayai si wa kuchezewa mara mbili. Lakini kukusema nyuma ya mgongo wako pia siwezi. Nakuomba umwambie mwenyewe. Nitanyamaza mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo nitalazimika kumjibu.

Ukinichukia nitaelewa.

Mkweo,
Fundi


26 Machi

Kwako Fundi wa magari, ambaye sasa pia ni fundi wa masikio,

Hongera kwa cheo kipya.

Umeniwekea mwisho wa mwezi kama mwenye nyumba. Nilikuletea lori ukalitoa ulimi, ukanibandikia mshale mwongo, ukanitembeza mji mzima kama kichekesho, halafu unanipa masharti. Mshukuru Mungu unaishi mbali.

Ndiyo, sisikii. La kushoto limekwenda siku nyingi, la kulia linanikamatia vitu vikubwa vikubwa: mlango ukibamizwa, ngurumo. Otomatiki ilinisitiri. Nilikuwa nakanyaga tu, yenyewe inajua. Ilipokufa ningeweza kukataa gia za mkono, lakini ningesema sababu gani?

Unajua mtu mzima asiyesikia anavyofanywa? Mama yangu alikuwa hivyo. Walimweka kwenye kona yenye jua, wakawa wanaongea juu ya kichwa chake. Wakiulizwa hali yake wanajibu wao. Wakicheka, naye anacheka ili aonekane yumo, halafu wanamcheka kwa kucheka kwake. Alikuwa mwanamke aliyewahi kuuza ng'ombe na wanaume wakanywea. Ninakiogopa kile kiti cha barazani kuliko ninavyoogopa kaburi, sasa umejua.

Juu ya lori hakuna anayeongea juu ya kichwa changu. Watu wanatazama mikono yangu.

Lori liko uani. Sitalitoa. Mengine usiniharakishe.

Mimi


31 Machi

KUH: MAMA NA LORI (INAENDELEA)

Shemeji,

Naomba usome barua hii ukiwa umekaa.

Jana jioni Mama alikuja kwangu kwa miguu. Tulikuwa mezani. Akavuta kiti, akagonga meza kwa kijiko, akasema: "Nina jambo. Mimi sisikii. Sisikii tangu zamani. Msinikatize."

Mke wangu aliangalia sahani, wanangu waliangalia dari. Mimi nikafikiri, Karani, sema kitu cha maana. Nikasema: "Mama, tunajua."

Shemeji, sote tunajua. Tumejua kwa miaka. Kwa nini unadhani wanangu wakimsalimia wanakwenda kwanza kusimama mbele yake? Kwa nini mke wangu akitaka kumwita anawasha na kuzima taa? Redio anajua, na ndiyo sababu anaongea bila kukoma, anasema hajawahi kufanya kazi na mtu asiyemwambia anyamaze. Mkeo anajua. Tulikubaliana tusimwambie kwamba tunajua, kwa sababu tuliona anavyojitahidi tusijue. Ndiyo maana nilikuomba sababu ya chuma. Sikutaka kumwaibisha. Nilikuwa namfichia kitu alichokuwa ananificha.

Asiyejua alikuwa wewe peke yako, ambaye ndiye fundi.

Mama alitutazama mmoja mmoja. Akaniuliza: "Wote?" Nikasema wote. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha meza, akasema kama ni hivyo tumempotezea nguvu nyingi sana za bure. Mimi sikucheka. Naandika haya nimefunga mlango wa ofisi, nimewaambia nina mafaili.

Kisha nikakosea. Nikasema, kwa kuwa sasa yako wazi, basi anipe funguo, lori nitaliendesha mimi siku za mapumziko. Akanitupia funguo pale pale. Asubuhi nikaenda kwake, nikaingia kwenye lori mbele ya wote. Gari langu, kama unavyofahamu, ni otomatiki. Lori lilizima mara nne na kuangusha mlango wa banda la kuku. Mama alikuwa amesimama uani mikono kiunoni.

Tumefikia hivi: atakwenda kwa daktari wa masikio. Kisha atakwenda ofisi ya leseni ajipeleke mwenyewe na aseme yote, ofisa aamue. Akishindwa, funguo ni zangu na lori litauzwa. Akipita, sitakitaja tena kile kiti cha barazani. Ameahidi, nami nimeahidi.

Lakini huo mshale wako, Shemeji. Ukiendelea kusema uongo, atashindwa kwa kosa lako. Njoo.

Shemeji yako,
Karani


9 Aprili

Mama, shikamoo.

Nimefika salama. Nakuandikia ili uwe na maelezo ya kazi kwa maandishi, maana Jumapili ulikuwa unanitazama midomo kwa hasira nikawa nakosea maneno.

Kiboksi nimekirudisha mahali pake. Hakiamui gia tena, kinapitisha tu habari kwa mshale. Mara hii nilikuja na kipimo cha gereji, nikavilinganisha: kipimo kikisema moja na mshale unasema moja, kikisema mbili unasema mbili. Nilikaa nao mpaka injini ikapata moto. Basi liliniacha, nikalala kwako kwenye lile godoro la wageni, unajua mwenyewe lilivyo.

Nimeongeza kitaa chekundu juu ya usukani. Mshale ukifika mahali pa kupanda gia, kinawaka, ili macho yako yabaki barabarani. Na vile vioo viwili vikubwa vya pembeni nimevitoa kwenye basi bovu. Vina ubaya wa sura lakini vinaona mpaka nyumba ya tatu.

Nilipofika nyumbani nilimuuliza mke wangu kwa nini hakuniambia. Akasema: "Uliniuliza?" Nikasema nililala macho wiki nzima nikidhani Mama ananitafutia sababu ya kunikataa. Akasema hilo alilijua, ila ilimsaidia kwa sababu wiki hiyo nilikuwa naosha vyombo.

Najua kitakachoamuliwa wiki ijayo. Waya zangu hazina wasiwasi tena. Wenye wasiwasi ni mimi.

Mkweo,
Fundi


17 Aprili

Kwako mkwe wangu Fundi,

Kaa chini kwenye tairi lako nikueleze.

Daktari amenipa kifaa cha sikio la kulia. Kidogo kama punje ya mahindi na kina sauti kama soko. Nimesikia kijiko kikigonga kikombe, nikashtuka. Nimemsikia Redio kwa mara ya kwanza tangu nimwajiri. Mkwe wangu, mtu yule ana mambo ya maana anayosema! Yamezama tu katikati ya mengine. Lori lenyewe nililiwasha nikakimbilia kukizima kifaa. Mlikuwa mnalivumiliaje? Sasa nikiendesha nakipunguza sauti, kinanipa honi na king'ora, injini naiachia mshale.

Ofisa wa leseni ni kijana wa miwani. Nilimwambia yote kabla hajaniuliza. Akanipima macho. Akavitazama vile vioo vyako kwa muda mrefu, akauliza vimetoka kwenye meli gani. Kisha akapanda pembeni yangu. Karani akasema naye lazima awepo, ila mbele hapakuwa na nafasi, kwa hiyo akapanda nyuma juu ya matofali na shati lake la ofisini.

Ofisa alinipeleka kilima cha hospitali. Sijui nani alimwambia. Katikati ya mlima akaniashiria nisimame, nikasimama. Akaniashiria niondoke. Nikakumbuka yote, mayai, kidole, watoto kwenye uzio, nikasema moyoni kama ni kiti basi kiwe kiti, lakini si kwa kuzima lori. Nikaachia klachi taratibu huku naangalia mshale. Ukatikisika, ukapanda, nikaachia breki. Lori halikurudi nyuma hata unene wa kucha. Kitaa kikawaka, gia ya pili. Kikawaka, ya tatu. Tulipofika juu ofisa alikuwa ameshaweka kalamu mfukoni.

Amesema nina leseni, nikapimwe tena mwakani. Amesema kuna madereva wengi wanaosikia vizuri angependa kuwanyang'anya zao, kisha waje kuniona ninavyoendesha.

Karani aliteremka kutoka kwenye matofali, mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu. Nikangoja aseme habari za tahadhari, au taratibu, unamjua. Akaja dirishani kwangu, akasimama ninapoweza kuuona mdomo wake, akauliza polepole: "Mama, utanipeleka kazini?"

Nikampeleka. Mara hii alikaa mbele, ametulia kama alivyokuwa akitulia akiwa mdogo. Wenzake wote walikuwa nje ya ofisi wamesimama kwenye ngazi. Walipomwona alivyo, wakaanza kucheka na kumuuliza ameokotwa wapi. Akafunga mlango wa lori, akajikung'uta, akawajibu kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia: "Nimeletwa na mama yangu."

Mama yako,
Dereva